Kufunga kwa Kiingereza Kuna Milango Mingi

Ndugu msomaji, mwaka 1999 nilikuwa mwanafunzi wa darasa la tano. Jioni moja baba alirudi kutoka kiwandani akiwa na bahasha ya kaki mfukoni mwa shati lake la kazi. Hakugusa chai aliyoandaliwa. Aliniita, akanikalisha kigodani mbele yake, akasema: "Mwanangu, wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Hebu nisomee."

Barua ilikuwa ya Kiingereza, aya tatu, na chini yake mhuri wa kiwanda. Baba alikuwa fundi mitambo kwa miaka kumi na saba. Mashine aliijua kwa mlio wake tu, hata kabla hajaitia jicho, lakini lugha ya barua ile hakuijua. Mimi nami, pamoja na sifa zote alizonipa, Kiingereza changu kilikuwa cha kuhesabia madawati ya darasani.

Neno moja lilinishinda kabisa: "redundant". Nikakimbia nyumba ya pili kwa kaka mmoja aliyekuwa akisoma sekondari. Akafungua kamusi yake, akaniambia kuwa maana yake ni kitu cha ziada, kisichohitajika. Nikarudi mbio kama mtu aliyebeba habari njema. "Baba," nikasema, "wanasema wewe huhitajiki."

Sijapata kuusahau uso wa baba jioni ile. Mama alikuwa akipeta mchele. Ungo ukasimama mikononi mwake.

Kwa siku kumi na tatu baba hakuketi barazani na wenzake. Aliamini kwamba amefukuzwa kwa kosa asilolijua, na kwa akili yake mtu aliyefukuzwa kwa kosa hana la kudai. Siku ya kumi na nne akaja mwenzake mmoja, mjumbe wa chama cha wafanyakazi pale kiwandani. "Ndugu yangu, mbona umepotea?" akauliza. "Wenzako wote wamekwisha jiandikisha. Kesho ndiyo siku ya mwisho." Akaitaka ile barua, akaisoma mpaka chini. Aya ya tatu, ambayo mimi niliiruka kwa kuwa ilikuwa na maneno marefu, iliwaita wafanyakazi wote waliopunguzwa wakachukue malipo yao.

Sikuleta kisa hiki ili nikilaumu kiwanda kile. Nimekileta kwa kuwa neno moja lililofasiriwa nusu lilikaribia kuinyima nyumba yetu haki yake, tena likamwekea mtu mwaminifu aibu isiyokuwa yake. Tangu siku ile nimekuwa nikiyaandama maneno ambayo Kiingereza hutumia kukomesha jambo, na leo napenda tuyatazame pamoja. Barua za kazi, mikataba ya mikopo na nyumba, hati za bima na za benki, nyingi bado hutufikia kwa lugha hiyo.

KOMEO NA JIWE LA MPAKA

Kiswahili chetu si maskini katika jambo hili. Tuna kukoma na kukomesha, kufunga na kufuta, kuvunja na kutangua, kusitisha na kuahirisha, kuhitimisha na kutamatisha. Mitaani nako husemwa kwamba fulani amemwaga unga, au amefungashwa virago. Lakini Kiingereza kina ghala kubwa zaidi, na ghala hilo lilijazwa na historia.

Maneno ya zamani kabisa ya Waingereza yalikuwa ya nyumbani na ya shambani. "Shut", yaani kufunga, asili yake ni kusukuma komeo la mlango. "Stop", yaani kusimamisha, asili yake ni kuziba tundu. Haya ni maneno ya mtu anayefanya jambo kwa mikono yake.

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari akaitwaa Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo mabwana na mahakimu walizungumza Kifaransa, na makarani na mapadri waliandika Kilatini. Ndipo yalipoingia maneno kama "close", "finish", "cease" na "abolish", ambayo yote yana asili ya Kifaransa. Kilatini nacho kikatoa "terminate", kutokana na "terminus", yaani mpaka. Na Warumi wa kale walikuwa hata na mungu wa mipaka aliyeitwa kwa jina hilo hilo, ambaye alama yake ilikuwa jiwe lililosimikwa kati ya shamba na shamba.

Matokeo yake ni kwamba Kiingereza kina neno moja la jikoni na jingine la ofisini kwa jambo lile lile. Mwenye duka akifunga jioni hutumia neno la komeo. Mwanasheria akikomesha mkataba hutumia neno la jiwe la mpaka. La kwanza husema jambo waziwazi. La pili hulisema likiwa limevaa tai. Aghalabu barua inayomhusu mfanyakazi huandikwa kwa hilo la pili.

Hata hivyo, ukiyachimba maneno haya ya tai utakuta picha za kawaida kabisa ndani yake. "Cancel", yaani kufuta, limetokana na neno la Kilatini la kimiani cha fito, kwa sababu makarani wa zamani walipofuta maandishi waliyachora mistari ya kukingamana juu yake. "Suspend" ni kuning'iniza. "Adjourn" ni kupanga siku nyingine. "Bankrupt", yaani aliyefilisika, asili yake ni maneno ya Kiitaliano yenye maana ya benchi lililovunjika, yaani lile benchi la mbadilisha fedha sokoni. Na kupewa "the sack", yaani gunia, ni kuachishwa kazi. Maelezo ya kawaida ni kwamba fundi wa zamani alibeba zana zake katika mfuko, akiambiwa aondoke alikabidhiwa mfuko wake. Je, huku si kufungashwa virago?

Kila neno, basi, lina kazi yake. Mimi nimejifunza kuyapima kwa maswali matatu. Je, jambo limekatishwa kwa muda au kabisa? Nani amelikatisha? Na baada ya kukatishwa, ni nini kinachobaki kudaiwa?

KWA MUDA AU KABISA?

Tuanze na swali la kwanza, na tulitazame katika Bunge la Uingereza, ambako maneno haya yamepimwa kwa mizani ya mahakama. Kikao kikikatishwa hadi siku nyingine, hiyo ni "adjourn". Mkutano mzima wa Bunge ukifungwa hadi mkutano mwingine ufunguliwe, hiyo ni "prorogue", na miswada ambayo haijamalizika aghalabu hufa papo hapo. Bunge likivunjwa ili uchaguzi ufanyike, hiyo ni "dissolve", na tangu hapo hakuna mbunge tena.

Mwaka 2019 Waziri Mkuu Boris Johnson alimshauri Malkia Elizabeth wa Pili aufunge mkutano wa Bunge kwa muda wa wiki tano hivi, wakati nchi ikikaribia tarehe 31 Oktoba, siku iliyokuwa imepangwa kwa Uingereza kutoka katika Umoja wa Ulaya. Tarehe 24 Septemba mwaka huo majaji 11 wa Mahakama Kuu kuliko zote nchini humo, kwa kauli moja, walisema kufunga kule hakukuwa halali. Angalia jinsi walivyosema. Hawakusema Bunge lifunguliwe tena. Walisema halikupata kufungwa, kwa kuwa amri ile ilikuwa batili tangu mwanzo. Wabunge wakaketi siku iliyofuata.

Hapo ndipo tunapoona tofauti kubwa kati ya kukomesha na kubatilisha. Anayekomesha hukubali kwamba jambo lilikuwepo, sasa limefika mwisho. Anayebatilisha husema halikupata kuwepo.

Ukidhani tofauti hiyo ni ya mabwana wa Bunge peke yao, tuingie nyumbani. Watu wengi husema Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alimtaliki mkewe Catherine wa Aragon. Kisheria hakumtaliki. Mwaka 1533 Askofu Mkuu Thomas Cranmer alitamka kwamba ndoa yao ilikuwa batili, kwa hoja kuwa Catherine alikuwa mjane wa marehemu kaka yake mfalme. Ndoa ilikuwa imedumu zaidi ya miaka ishirini. Lau ingekuwa talaka, binti yao Mary angebaki mtoto wa ndoa iliyovunjika. Kwa kuwa ilikuwa ubatilisho, binti huyo aliyekuwa na umri wa miaka 17 alihesabiwa kuwa mtoto wa nje ya ndoa, akavuliwa cheo cha binti mfalme. Neno moja la kisheria lilimfikia mtoto ambaye hakuwa na kesi na mtu yeyote.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hapa Tanzania nayo inatenganisha mambo haya: kuna kutengana, kuna talaka, na kuna kubatilisha ndoa. Mwenye kupokea hati ya mahakama hapana budi ajue ni kipi kati ya hivyo kimeandikwa, wala asiridhike na kuambiwa tu kwamba "mambo yamekwisha".

Sasa turudi kazini. "Suspended" ni kusimamishwa. Huyu bado ni mfanyakazi, anasubiri uchunguzi au uamuzi. "Laid off" hapo zamani ilikuwa kupumzishwa wakati kazi ni haba, kwa matumaini ya kuitwa tena. Siku hizi, hasa Marekani, hutumiwa pia kwa mtu ambaye hataitwa kamwe. "Terminated" husema tu kwamba mkataba umekoma, bila kueleza sababu. "Summarily dismissed" ni kufukuzwa papo hapo, aghalabu kwa kosa kubwa. "Retrenched" ni kupunguzwa, kutokana na neno la Kifaransa la kukatakata na kupogoa. Katika mazungumzo yetu wote hawa watano huambiwa "wamesimamishwa" au "wameachishwa", ilhali mmoja ana kazi, wa pili ana matumaini, wa tatu hajui sababu, wa nne anadaiwa kosa, na wa tano hana kosa lolote.

NANI AMEFUNGA?

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa sababu Kiingereza kina njia ya kumficha mtendaji. Mwingereza anaweza kuandika kwamba kiwanda "closed" mwezi Machi, kana kwamba kiwanda kiliamka asubuhi kikajifunga chenyewe. Kiswahili hakikubali kwa urahisi namna hiyo. Sisi husema kiwanda kimefungwa, na yule herufi "w" aliyejibanza ndani ya kitenzi hutukumbusha kwamba kuna mtu aliyeshika funguo. Tena tunatofautisha mvua iliyokoma na vita vilivyokomeshwa. Hili ni jambo la kujivunia katika lugha yetu. Tusiliache lipotee kwa kuiga magazeti ya wenzetu.

Njia nyingine ya kuficha ni kuchagua neno la upole. Mwezi Machi mwaka 1963, Dokta Richard Beeching, mwenyekiti wa Halmashauri ya Reli ya Uingereza, alitoa ripoti yenye jina lenye maana ya kuzipa reli za Uingereza umbo jipya. Ndani ya umbo hilo jipya mlikuwa na pendekezo la kufunga stesheni 2,363, pamoja na maelfu ya maili za reli. Serikali ilikuwa imechoka kuzibeba hasara za reli, na malori na motokaa zilikuwa zimechukua abiria na mizigo. Hoja hizo zilikuwepo na zilijadiliwa. Lakini wananchi wa miji midogo waliokuwa wakipoteza treni yao hawakutumia neno "umbo". Waliita "axe", yaani shoka, na jina Shoka la Beeching limebaki mpaka leo. Baadhi ya stesheni zilinusurika kwa sababu watu waliliona shoka mapema, wakalipinga.

Marekani nayo ilitoa neno "downsizing". Lilipoanza kutumika katikati ya miaka ya 1970 lilihusu motokaa: baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, makampuni yalitengeneza magari madogo zaidi. Miaka ya 1980 neno hilo likahamishwa kutoka kwenye magari likawekwa juu ya watu. Kupunguza ukubwa wa gari ni jambo la chuma. Kupunguza ukubwa wa kampuni ni baba na mama waliorudi nyumbani na bahasha.

Na hapo ndipo ninapolikuta tena lile neno la baba yangu. "Redundant" limetokana na Kilatini, na ndani yake mna neno la wimbi la maji. Maana yake ya asili ni kufurika, kama maji yanayomwagika kwa kuwa yamezidi chombo. Waingereza walipotunga Sheria ya Malipo ya Upunguzwaji Kazini mwaka 1965, waliliweka neno hilo katika maana mahususi: kazi ya aina fulani imekoma au imepungua mahali fulani, na kwa sababu hiyo aliyekuwa akiifanya anastahili kulipwa. Kinachozidi ni nafasi ya kazi. Kamusi ya yule kaka wa sekondari haikukosea. Mimi ndiye niliyelitoa neno juu ya nafasi nikalibandika juu ya baba.

NINI KINABAKI KUDAIWA?

Kwa swali la tatu nakuomba, ndugu msomaji, tutazame jambo zito kuliko kazi ya kiwandani, nalo ni utumwa. Sioni mahali pengine ambapo maneno ya kukomesha yamekuwa na uzito mkubwa zaidi, na sehemu ya historia hiyo ni ya pwani yetu wenyewe.

Mwaka 1807 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha biashara ya watumwa. Neno lililotumika lilikuwa "abolition", lakini tazama lilichokomesha: biashara, si utumwa. Aliyekuwa mtumwa katika mashamba ya miwa ya Jamaika alibaki mtumwa. Ilipita robo karne mpaka mwaka 1833, ndipo sheria ya kukomesha utumwa wenyewe katika sehemu kubwa ya makoloni ya Uingereza ikapitishwa. Hata hiyo, ilipoanza kutumika mwaka 1834, haikuwaacha watu wazima waende zao. Waligeuzwa kuitwa "wanagenzi", wakaendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale bila ujira kwa sehemu kubwa ya juma, mpaka mpango huo ulipofutwa mwaka 1838.

Na nani alilipwa? Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa. Waliokuwa watumwa hawakupewa hata senti. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikopwa, na deni lililotokana na mkopo huo lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Kitu kilichotangazwa kukomeshwa mwaka 1833 kilikuwa bado kina hesabu iliyo wazi karibu karne mbili baadaye.

Kwetu nako maneno yalipimwa kwa kijiko. Tarehe 5 Juni mwaka 1873, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kukataza usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Soko kuu la Unguja likafungwa, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu la Anglikana ambalo lingalipo. Soko lilifungwa, utumwa haukufungwa. Mwaka 1897, katika utawala wa Sultani Hamoud bin Mohammed, ilitoka amri ya kufuta "hadhi ya kisheria" ya utumwa. Maneno hayo matatu yalikuwa na hila ndani yake. Hayakusema kila mtumwa yu huru tangu leo. Yalisema mahakama hazitautambua tena utumwa, na anayetaka uhuru wake aende akauombe. Mtumwa wa shamba la karafuu huko Pemba, asiyejua kusoma, aliyekuwa na kibanda na kuku wake katika ardhi ya bwana, ilimpasa kwanza asikie habari, kisha aielewe, kisha athubutu kwenda. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo. Mpaka mwaka 1909 ndipo amri nyingine ilipoyafunga yale yaliyosalia.

Kutoka mwaka 1873 mpaka 1909 ni miaka 36. Mtoto aliyezaliwa utumwani mwaka soko lilipofungwa aliweza kuwa mtu mzima mwenye watoto kabla mlango wa mwisho haujafungwa. Umbali kati ya neno moja na jingine ulikuwa maisha ya mtu.

LUGHA YA MAHAKAMA

Huenda msomaji akasema: hizi ni lugha za wageni, tufanyeje? Jibu ni kwamba hata Waingereza wenyewe waliwahi kuwa wageni katika mahakama za nchi yao. Mwaka 1362 Bunge lao lilipitisha sheria iliyotamka kwamba kesi zizungumzwe kwa Kiingereza, kwa sababu Kifaransa cha mahakamani hakikueleweka na watu. Hata hivyo kumbukumbu za mahakama ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini kwa karne kadhaa, mpaka sheria nyingine iliyoanza kutumika mwaka 1733 ilipoagiza Kiingereza kitumike pia katika maandishi. Kutoka kusema mpaka kuandika ilichukua zaidi ya miaka 370.

Hapa Tanzania, mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hiyo ni hatua kubwa, lakini sheria haiandiki barua za maofisa wa utumishi. Mwajiri anayetaka kueleweka hana sababu ya kumwandikia mpishi, dereva au mlinzi kwa lugha ambayo itabidi asomewe na mtoto wake.

BARUA IKIFIKA

Kwa hiyo barua ya kukatisha jambo ikifika nyumbani kwako, usimwachie mtoto mzigo wa kuifasiri. Ipeleke kwa mtu anayeijua lugha hiyo na anayeijua kazi: kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, ofisa wa kazi, au mwanasheria wa msaada wa kisheria. Muulize maswali yetu matatu. Akikuambia tu kwamba "wamekuachisha", mwombe akuonyeshe ni neno gani lililoandikwa, na sababu gani imetajwa.

Ni vema pia kujua misingi michache. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka kwamba anayelipwa kwa mwezi apewe taarifa isiyopungua siku 28 kabla ya mkataba kukatishwa, mbali ya mwezi wa kwanza wa kazi. Iliweka kwamba mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao au na chama chao. Iliweka kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi, kwa aliyetimiza angalau mwaka mmoja kazini. Lakini aliyeachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu hana malipo hayo. Waona sasa jinsi neno linavyogeuka kuwa unga na kitoweo. Na kanuni za mwaka 2007 zilitoa siku 30 za kupeleka shauri la kuachishwa kazi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mtu akizimalizia siku hizo chumbani kwa aibu, kama baba yangu alivyotaka kufanya, hujifungia mlango ambao haukuwa umefungwa.

Baba aliwahi. Asubuhi iliyofuata alivaa shati safi, akaenda na mwenzake, akaandikisha jina lake. Hakutajirika, lakini fedha zile zilitulipia ada ya shule na kumnunulia vifaa, akafungua karakana ndogo uani, akaendelea kutengeneza pampu na mashine za kusaga mpaka macho yalipomwishia nguvu.

Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kuwa mwandishi, nilimweleza asili ya lile neno: kwamba ni maji yaliyofurika chombo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo kasoro haikuwa ya maji?" Nikamwambia la, baba. Akatikisa kichwa. "Basi ungeniambia hivyo siku ile."

Nami sikuweza, kwa kuwa sikujua. Ndiyo sababu nimekuandikia wewe leo. Barua ikifika, isome, au usomewe na anayejua, mpaka aya ya mwisho.